Sayari yenye uhai haitaonekana kwa kioo kidogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari ambayo tangu Aprili 2025 haijaacha kuniletea maswali. Nafundisha fizikia sekondari hapa Kigoma. Wanafunzi wangu walisoma kwenye simu za kaka zao kuwa wanasayansi "wamegundua viumbe" katika sayari ya K2-18b, inayozunguka nyota nyingine mbali na Jua letu, na hadi leo nikianza mada ya mwanga kuna mkono unanyooka nyuma ya darasa: "Mwalimu, hao viumbe wanafananaje?"

Hakuna aliyewaona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Nikku Madhusudhan, walitumia darubini ya angani ya James Webb kupima mwanga wa nyota yake uliopenya kwenye hewa ya sayari hiyo, iliyoko umbali wa miaka ya nuru 124 (yaani mwanga wake husafiri miaka 124 kutufikia), wakaona dalili za gesi iitwayo dimethili salfaidi. Hapa duniani gesi hiyo hutolewa hasa na vijimea vya baharini, ndiyo maana habari ikashika moto. Lakini wao wenyewe walisema dalili haijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi, na wenzao waliopitia upya vipimo vilevile wakasema ushahidi hautoshi. Maelezo hayo hayakufika kwenye simu za Kigoma. Kilichofika ni kichwa cha habari.

Siwalaumu watafiti. Chombo chao kinafanya kazi ambayo hakikuzaliwa kuifanya. Webb ilianza kufikiriwa mwaka 1989, wakati hakuna aliyekuwa amethibitisha sayari hata moja inayozunguka nyota iliyo kama Jua letu. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz. Leo sayari za nyota nyingine zimeshapita 6,000, na karibu zote tunazijua kwa kivuli chake zikipita mbele ya nyota au kwa jinsi zinavyoiyumbisha nyota yake. Kuiona yenyewe, mwanga wake wenyewe, ndiyo kazi iliyobaki, hasa ikiwa ndogo na ya mawe kama hii yetu.

Ugumu wake niliwaonyesha kidato cha pili ufukweni Kibirizi. Ilibidi tusubiri siku za giza, maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki. Jioni hiyo mzazi mmoja, mvuvi, alituwashia taa yake ya kuvulia kabla ya kuingia ziwani. Tukaomba kaa la moto kwa mama anayekaanga migebuka, kijana mmoja akalishika kwa koleo na kusimama kando ya taa. Sisi wengine tukarudi nyuma hatua mia moja. Tuliona taa tu. Kaa halikuonekana, hata kwa wenye macho makali. Ndipo mvuvi akainua kifuniko cha sufuria, akaiziba taa upande wetu, na pale pembeni kikatokea kidoti chekundu. Watoto walipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja kuuliza kuna nini.

Nyota ni ile taa, sayari ni lile kaa. Tofauti ni kwamba Jua letu linaizidi Dunia kwa mwangaza mara kama bilioni 10. Darubini inayotafuta uhai lazima iwe na kifaa cha kuiziba nyota. Kiswahili bado hakijakipa jina, wanafunzi wangu wanakiita kifuniko, nami nakubaliana nao. Lakini kifuniko peke yake hakitoshi. Mwenye kusimama usiku mtaa wa Mwanga hapa mjini na kutazama gari linalokuja kutoka Kasulu huona taa moja, na mpaka lisogee ndipo huona kuwa ni mbili. Kioo kidogo cha darubini hukosea hivyohivyo, sayari na nyota vinakuwa doa moja. Kioo kipana huvitenganisha. Na ukikizidisha upana mara mbili, mwanga kinaokusanya huongezeka mara nne, jambo kubwa kwa kitu hafifu namna hii.

Darubini ya Hubble, nayo ya angani, ina kioo cha mita 2.4. Webb ina cha mita 6.5, vipande 18 vilivyokunjwa ili viingie kwenye roketi ya Ariane 5 siku ya Krismasi mwaka 2021. Sasa NASA, shirika la anga la Marekani, inasanifu darubini iitwayo Habitable Worlds Observatory, ya kioo cha mita 6 hadi 8 hivi, inayotarajiwa kurushwa miaka ya 2040. Ukubwa wake haupishani sana na Webb, ila hii inajengwa kwa kazi hii tangu mwanzo: kioo chake hakitakiwi kutikisika hata kwa upana wa atomu moja, na inakusudiwa kuzichunguza walau sayari 25 zilizoko mahali ambapo maji yanaweza kutiririka. Itatafuta oksijeni na methani kwa pamoja. Gesi hizo mbili huangamizana. Zikikutwa zote, maana yake kuna kitu kinazizalisha kila siku. Itasanifiwa pia ili roboti ziifikie kuitengeneza, kama wanaanga walivyoitengeneza Hubble mwaka 1993 baada ya kioo chake kukutwa na kasoro. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Ikiharibika hakuna fundi wa kuifuata.

Mwalimu mwenzangu huniambia, "Maji ya bomba yanakatika, wewe unahesabu nyota." Namheshimu, na maji nayataka kama yeye. Lakini sisi wa Kigoma tuna ushahidi wetu. Mwaka 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliingia msitu wa Gombe, hapo kaskazini mwa mji huu, akiwa na darubini ya mkononi na daftari. Miezi ya kwanza sokwe walimkimbia. Aliendelea kutazama, na Novemba ile akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya tofauti ya mtu na mnyama. Darubini zenyewe zilikuwa za kawaida, ila zilifaa kwa kazi ile na aliyezishika hakuchoka.

Na angani si wageni. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipozipa nchi nafasi ya kutoa majina, nyota ya WASP-71 iliitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite, kwa pendekezo la Watanzania. Nilipolisema hilo darasani hakuna aliyekuwa amelisikia. Hata mimi nilichelewa kulijua, na iliniuma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Habari ya aina hii ikikufikia, usiishie kwenye kichwa. Tuambie ni darubini gani, dalili ina nguvu kiasi gani, na nani anapinga. Mtoto wa kidato cha pili leo atakuwa na miaka thelathini na kitu darubini hiyo ikirushwa, na namtaka awe anaelewa anachosoma, au awe mmoja wa wanaopima.

Ukipata mwandishi wa kumtuma, aje Kibirizi siku za giza, saa moja jioni. Taa ipo na kifuniko kipo.

Mwalimu wa fizikia,
Kigoma