Mkono wangu kwenye TV

Shoga yangu Rehe,

Mambo? Najua umeninunia. Miezi minne kimya halafu naibuka na shida, haya nitukane kwanza nakusubiri. Wanao hawajambo? Yule wa Igoma karudi au ndo vilevile?

Sasa sikia, mama kakupigia? Kama bado atakupigia. Katangaza kanisani, sokoni, mpaka kwa kina Baba Happy, kwamba mimi ni staa wa tamthilia, Jumatano watu wakajaa sebuleni wengine wamekalia ndoo wakingoja kuniona. Na sini yangu imekatwa Rehe! Yote! Kimebaki mkono. Mkono wangu unaweka trei ya juisi mezani, basi. Mama ati kapiga kelele "huyo huyo!", watoto wanauliza yupi.

Na nilivyoteseka siku ile. Lokesheni Bunju saa kumi na moja alfajiri, nguo zangu mwenyewe kwenye mfuko wa rambo maana tuliambiwa kila mtu aje na zake pea tatu na zisiwe nyeupe, nikakaa kwenye kibaraza mpaka saa tisa mchana ndo naitwa. Mstari wenyewe: "Dada, mgeni wako amefika." Nimeurudia mara kumi na moja, mara jogoo wa jirani, mara jenereta, mara dada mwenyewe mwenye mgeni kasahau yake. Ile ya mwisho dairekta kasema safi kabisa, nikajiona nimefika. Posho elfu ishirini, nauli juu yangu, na hiyo elfu ishirini mpaka leo "wiki ijayo".

Mama anataka laki mbili za bati. Anasema mbona Kanumba alitoka Shinyanga hapo jirani akawa vile. Nikamwambia mama, Kanumba alianzia kundi la maigizo la Kaole, katokea tamthilia za ITV kwanza, ndo ikaja Dar to Lagos 2006 na yule Mercy Johnson wa Nigeria. Na alivyotembelea jumba la Big Brother 2009 watu si walimcheka Kiingereza chake mpaka basi? Hanisikii, anasikia bati tu. Unakumbuka lakini Pasaka ya 2012 alipofariki? Pilau la kwenu likaungulia jikoni mama yako kaganda na redio, sisi tunalia kama katuzaa. Miaka 28 tu jamani. Mimi nimetimiza 24 juzi na nina mkono mmoja kwenye TV.

Ila usicheke sana, jana wamenipigia. Huyohuyo dada wa kazi, safari hii ana episodi sita, anamwibia bosi simu! Nimekubali kabla sijauliza hela, najijua, nitukane tena.

Ndo shida yangu sasa. Nguo ni za kwangu tena na sina nguo ya kudekia inayokaa vizuri kwenye kamera. Lile gauni la kijani la maua ulilolitoa kwenye belo, umeshaliuza? Kama lipo unaweza kulituma kwa basi la Ijumaa? Na utampitia mama kabla hajakopa bati kwa Mangi? Umwambie nini sijui, we mwambie tu hela za tamthilia zinachelewa, si uongo. Au nimwambie mwenyewe? Halafu ule mkono, uliuona? Kucha zilionekana?

Wako,
Mwajuma