Tufungue stoo za wazazi wetu wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wenzangu, hasa sisi wenye asili ya Kilimanjaro ambao kila Desemba hupanda nyumbani na magari yaliyosheheni, jambo ambalo familia nyingi huliahirisha hadi siku ya msiba: kufungua stoo ya nyumba ya wazazi na kutoa vitu visivyotumika viende kwa watu watakaovitumia.

Sisi tunaoishi mijini ndio tunaozijaza stoo hizo. Televisheni ya zamani ikiondolewa sebuleni Dar es Salaam, hupelekwa kwa mama. Godoro lililobonyea nalo kwa mama. Na mama, kwa kuwa hana moyo wa kukataa kitu cha mwanawe, huvipokea vyote na kuvisukumia katika chumba tulichokuwa tukilala utotoni. Mimi naona huko si kumtunza mzazi, ni kumfanya mlinzi wa ghala.

Nyumbani kwetu, chini ya magunia na ndoo zilizotoboka, tuliikuta mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ambayo haikuguswa tangu marehemu baba alipong'oa mibuni na kupanda parachichi. Gurudumu lake lilishika kutu, lakini bati la ngoma, lile lenye vinundu vinavyochubua ganda la kahawa mbivu, lilikuwa zima kabisa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuiulizia kwa bei ya kilo. Mama ndiye aliyesema ipelekwe kwa jirani wa bondeni, ambaye amepanda upya miche chotara inayostahimili magonjwa ya kahawa ya chulebuni na kutu ya majani, ile iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Lyamungu. Wanaolima wanajua kwamba kahawa ikichumwa hutakiwa kumenywa siku hiyohiyo kabla haijaanza kuchacha na kuharibu ladha, kwa hiyo asiye na mashine hubeba debe zake jioni hadi kwa mwenye nayo na kusubiri zamu. Fundi alisugua kutu, akatia grisi, akarekebisha nafasi kati ya ngoma na bamba lake ili punje zisikatike, na msimu uliofuata jirani alimenya kwake.

Katika sisi watoto hakuna aliyejua kwamba jirani yule ana shida hiyo. Wazazi wanajua nani kijijini ana mtoto mchanga na hana neti, nani amemaliza mafunzo ya ushonaji na hana cherehani, na ujuzi huo hauandikwi popote. Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanyike wakiwa hai, wakiwa wamekaa kwenye kiti pale uani, kila kitu kikitolewa mbele yao. Wakisema kitu kibaki, kibaki, hata kama sisi tunakiona takataka.

Ipo pia sababu ya kisheria. Mzazi akishafariki, vitu vyake ni sehemu ya mirathi, na mtoto anayebaki nyumbani akigawa hata kabati kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama na warithi kukubaliana, anajitafutia ugomvi na ndugu zake. Mzazi aliye hai ndiye mwenye mali yake, na neno lake linatosha.

Kuhusu vituo vya kulelea watoto, ambavyo wengi huvikumbuka mkesha wa Krismasi au wa Idi, naomba tupige simu kwanza tuulize wanahitaji nini. Shati lisilo na vifungo na kiatu cha mguu mmoja havimsaidii mtoto. Vinahamisha tu taka kutoka stoo yetu kwenda stoo ya kituo, na mlezi wa watoto ndiye atakayetafuta pa kuzitupa. Majirani zangu Waislamu hukumbushana aya ya 267 ya sura ya pili ya Qurani, inayokataza mtu kukusudia kilicho kibaya akakitoa, ilhali yeye mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Nguo ifuliwe, zipu ishonwe, jiko la mafuta likabidhiwe na tambi zake.

Vitabu vya kiada vichambuliwe, kwa sababu mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu kuanzia Januari 2024 na baadhi ya vitabu vya zamani havifuatwi tena darasani; kamusi na vitabu vya hadithi vinafaa bado. Simu ya zamani ifutwe picha na kutolewa laini kabla ya kumpa mtu, maana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako ikitumika vibaya, utaulizwa wewe. Dawa zilizobaki za mgonjwa asipewe mtu yeyote.

Kitakachosalia baada ya hapo, yaani sufuria zilizotoboka, mabati yaliyooza na jembe lisilo na makali, ndicho cha kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu akipime, na fedha atakayotoa akabidhiwe mama mkononi.

Msomaji wako,
Moshi