Meseji za vijana zina sauti, tuzisikilize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu malalamiko ninayoyasikia kila mara hapa Moshi, kwamba vijana wanaua Kiswahili kwa meseji zao. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani Barabara ya Mawenzi, na siku hizi oda nyingi zinakuja kwa simu. Mabinti wa sendofu hunitumia picha ya mshono, kisha tunaandikiana. Meseji zao nazisoma kwa makini maana ndiyo riziki yangu.

Nikimwambia binti gauni litakuwa tayari Jumamosi, akajibu "sawaaa", najua karidhika. Akiandika "sawa" akaweka na nukta, hapo kuna jambo. Nampigia kabla sijakata kitambaa. Akianza na "kwani", ana dukuduku. Hata "aisee" yetu ya huku ina sura zake. Ikiwa fupi, anataka umsikilize. Akiivuta "aiseeee", anakupa pole au kashangaa. Na nani kati yetu hasemi hivyo kwa mdomo? Mama yangu akikuelekeza shamba lilipo husema "kuleee", na kadiri anavyovuta ndivyo utakavyotembea. Vijana wanaandika kile kile, kwa sababu kwenye meseji huoni uso wa mtu wala mikono yake.

Wengine wanasema ni uvivu wa kufupisha maneno. Jamani, kufupisha tulianza sisi! Meseji moja ilibeba herufi 160 tu, ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, ndiyo maana tukaandika "cjui" na "2taonana". Kijana mwenye bando leo hana haja ya kubana herufi. Anaziongeza ili asikike.

"Xaxa" na "mxomo", yaani kuweka x mahali pa s, sizitetei. Hiyo x haikuambii kama mtu amefurahi au amenuna, ni pambo tu.

Kinachoniuma ni mzazi kumkaripia mtoto kwa maneno aliyomwandikia rafiki yake. Mtihani na barua ya kazi vina Kiswahili chake, huko afundishwe na asahihishwe bila huruma. Ila mwanao aliye chuoni akikuandikia "mama jamaniii nimechoka", tafadhali usianze kumrekebishia hiyo "jamani". Mpigie umuulize amekula nini na ana shida gani.

Fundi cherehani,
Moshi