Barua ya wazi kwa waume, wakwe na mawifi: "hasi" kwenye kadi ya mtoto si ushahidi wa uzinzi

Wanangu,

Naandika nikiwa na uchungu. Msichana amejifungua, kitovu cha mtoto hakijakauka, anarudishwa kwao na begi moja la nguo kwa sababu kadi ya mtoto imeandikwa "O hasi" na za wazazi wote wawili zimeandikwa "chanya". Wifi kaisoma kadi, kampelekea mama mkwe, mama mkwe kaitisha kikao. Kikao kizima, watu wazima wenye mvi, hakuna aliyeuliza damu hurithiwaje. Basi nawaeleza leo.

Kwa watu wengi, chembe nyekundu za damu zina protini iitwayo D kwenye utando wake. Aliye nayo ni Rhesus chanya, asiye nayo ni hasi. Maelekezo ya kuitengeneza yamo katika kinasaba kilichoko kwenye kromosomu ya 1, na kila mtu hurithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. D moja tu yatosha kukufanya chanya. Kwa hiyo chanya wako wa namna mbili: mwenye D mbili, na mwenye D moja na pengo moja, yaani nakala isiyotengeneza D. Hasi ana mapengo mawili.

Kwa macho ya maabara hao chanya wawili ni sawasawa. Mpimaji anadondosha tone la damu juu ya kigae cheupe, anaweka tone la dawa ya kupimia, anakoroga kwa kijiti na kukiyumbisha kigae taratibu. Damu ikikatika vipunje kama maziwa yaliyochacha, ni chanya. Ikibaki laini, ni hasi. Kigae hakisemi una D ngapi, wala huwezi kujua kwa kujitazama.

Sasa chukua mume na mke, wote chanya, kila mmoja na pengo lake lililofichika. Mtoto anaweza kupata D mbili, D ya baba na pengo la mama, pengo la baba na D ya mama, au mapengo mawili. Katika kila mimba uwezekano wa mtoto hasi ni 1 kati ya 4, na kila mimba inaanza hesabu upya: watoto watatu chanya hawazuii wa nne kuwa hasi. Pengo hilo huweza kupita kimyakimya toka kwa babu hadi kwa mjukuu bila mtu kulijua. Na ikiwa wewe ni chanya lakini mama yako mzazi ni hasi, pengo unalo bila shaka yoyote, kwani yeye hakuwa na kingine cha kukupa.

Wala msishangae kwamba baba ni A chanya, mama ni B chanya, mtoto ni O hasi. Herufi za kundi hurithiwa kwenye kromosomu ya 9, hazifungamani na Rhesus. Kama baba na mama wanabeba O iliyofichika, na kila mmoja ana pengo la D, mtoto huyo ni 1 kati ya 16. Ni nadra, ila ni wao. Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Ninyi mmeigeuza kadi ya kliniki kuwa kitanda cha mashtaka.

Wazazi wote wakiwa hasi, mtoto hutarajiwa kuwa hasi. Akionekana chanya, pimeni wote watatu upya kabla ya kufungua mdomo: chupa huandikwa jina la mwingine, dawa ya kupimia huisha muda, na D iliyo dhaifu husomwa kama hasi. Baba wa mtoto hathibitishwi kwa kundi la damu, huthibitishwa kwa kipimo cha DNA.

Wakati mnagombana juu ya kadi, jambo linaloua watoto hamlioni. Mama hasi akibeba mimba ya mtoto chanya, damu ya mtoto ikimwingia, hasa wakati wa kujifungua, mwili wake unajifunza kutengeneza kingamwili za kuipiga D. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Wa pili aliye chanya ndiye hulipa: kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake, anapungukiwa damu, anavimba, anafia tumboni au anazaliwa na kupata manjano makali yanayoweza kuharibu ubongo. Hapo ndipo mnaposema mke ana mkosi, watoto wake hawakai.

Kinga ipo tangu mwaka 1968: sindano ya anti-D. Mama hasi asiye na kingamwili hizo huchomwa kwenye wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo damu ya kitovu imeonyesha mtoto ni chanya. Dozi ya mikrogramu 300 hutosha kwa takriban mililita 30 za damu ya mtoto iliyomwingia mama. Aliyepata mchanganyiko mkubwa huhitaji zaidi. Zikipita saa 72 msikate tamaa, nendeni hata hivyo, huweza kusaidia hadi siku ya 10. Kingamwili zikishatengenezwa, sindano haina kazi tena, ndiyo maana kipimo cha kingamwili hizo hufanywa mapema.

Mimba kuharibika, mimba kutunga nje ya kizazi, kutoka damu, kupigwa au kuanguka kwa tumbo, yote hayo huweza kuchanganya damu. Mwambieni daktari. Mficha uchi hazai, mabinti zangu. Mimba iliyofichwa kwa aibu huweza kumgharimu mtoto atakayefuata.

Na ninyi mnaopanga bajeti za afya: mama hapaswi kuandikiwa karatasi akahangaike maduka ya dawa saa 72 zikikimbia. Dawa hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, haigandishwi. Iwekwe kwenye friji ya wodi ya wazazi.

Mtoto akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza, msimwanike juani. Mtazameni kwenye mwangaza wa mchana: weupe wa macho, fizi, viganja, nyayo. Mrudisheni hospitali saa ileile.

Waume, mke akiwa hasi, mkapimwe nanyi. Ni tone moja la damu, wala hamhitaji kushinda njaa. Jibu lake liandikwe kwenye kadi ya mama, kwa wino, kabla ya wiki ya 28.