Mheshimiwa Waziri, mtoto wa Kidalit naye hurusha tiara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Serikali ya India

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mtoto ukimfungulia kitabu cha picha, kwanza hujitafuta. Huweka kidole juu ya picha na kusema, "Huyu mimi." Nakuandikia kwa ajili ya watoto wa Kidalit, wa jamii zilizowekwa chini kabisa ya matabaka ya India na kuitwa "wasioguswa", ambao wengi wao hawapati pa kuweka kidole hicho.

Sensa yenu ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 200 wa jamii hizo. Lakini mtoto wao akiingia kitabuni, mara nyingi anafagia, au anangoja mwenye tabaka la juu amwonee huruma. Hadithi hubaki kuwa ya yule mwenye huruma.

Kisa cha Bhimrao Ambedkar, Mdalit aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba yenu, ndicho kinachosimuliwa zaidi, na kinastahili. Shuleni alikalia kipande cha gunia alichotoka nacho nyumbani, kwa kuwa hata mtumishi wa usafi hakukubali kukigusa. Maji alimiminiwa na tarishi. Siku tarishi hayupo, alishinda na kiu. Mwaka 2011 Durgabai Vyam na Subhash Vyam, wachoraji wa jamii ya Wagond wa India, walikichora kisa hicho katika kitabu cha picha kiitwacho Bhimayana: maneno ya upole wameyatia ndani ya umbo la ndege, ya chuki wameyapa mkia wa nge. Hata asiyejua kusoma anamtambua anayeuma.

Ila Ambedkar alizaliwa 1891. Mtoto wa leo akionyeshwa yeye tu, atadhani utoto wa kwao ni kiu, na kwamba hadi awe shujaa ndipo apewe ukurasa. Yuko wapi anayerusha tiara juu ya paa? Yuko wapi yule wa jimbo la Tamil Nadu anayejifunza ngoma ya parai kwa baba yake, akikosea, wakicheka wote? Sisemi ubaguzi ufichwe. Ibara ya 17 ya Katiba yenu iliupiga marufuku, na bado watoto wanakutana nao. Uchorwe, lakini usimmalizie mtoto siku yake yote.

National Book Trust, taasisi ya serikali ya kuchapisha vitabu iliyoanzishwa 1957, iko chini ya wizara yako. Naomba iwape kazi hii waandishi na wachoraji wa Kidalit wenyewe, kwa Kitamil, Kimarathi, Kitelugu na lugha zao nyingine, na iwalipe sawa na wengine. Vitabu hivyo vifike shule za vijijini, vikae rafu moja na vingine, visingoje kutolewa kabatini kila Aprili 14, siku ya kuzaliwa kwa Ambedkar.

Wako katika kazi ya watoto,
Mwalimu wa chekechea, Tanga