Kwa nini ufundi wa taa ya sensa unazidi bei ya taa yenyewe

"Taa nimenunua mwenyewe elfu ishirini na tano, nyaya zipo, halafu mnanitajia ufundi wa elfu arobaini?" Maneno haya tunayasikia kila mara. Safari hii yametoka kwa mteja wetu wa Chumbageni, hapa Tanga, na kayaandika kwenye grupu la mtaa, akamalizia kwamba sisi ni wapigaji. Haya, tueleze kazi ilikuwa nini, kila mtu apige hesabu zake.

Tatizo liko kwenye hilo neno "nyaya zipo". Zipo kweli, ila zilivutwa kwa ajili ya taa ya kawaida. Taa ya kawaida ya ukutani inapata laivu, yaani waya unaoleta umeme, kutoka swichi ya ndani, inapata nutro, yaani waya wa kuurudisha, basi. Taa ya sensa, ile inayojiwasha mtu akipita, inataka umeme muda wote, hata ikiwa haijawaka, kwa sababu kile kijicho kinachohisi joto la mtu anayepita nacho kinakula umeme kidogo. Kwa hiyo swichi ya ndani inabaki imewashwa usiku na mchana. Sasa kwa huyo bwana swichi moja ilikuwa inaendesha taa tatu: ya geti, ya baraza na ya uani. Yeye anataka sensa getini tu. Ukiiacha swichi imewashwa, baraza na uani zinawaka mpaka asubuhi na LUKU inakatwa. Ukiizima, sensa ya geti nayo imekufa. Ilibidi tupande darini, tufungue raundi boksi, yaani boksi la kuungia nyaya, tuichomoe taa ya geti kwenye kundi lake na kuivutia laivu ya kudumu kutoka sakiti hiyohiyo ya taa. Darini kwenyewe joto na popo. Kuifunga taa ukutani ni dakika chache, na hizo ndizo mteja alizoziona, maana muda wote mwingine alikuwa kibarazani na kahawa yake.

Kuna wanaotaka taa ya sensa ikae palepale ilipo swichi. Ukifungua boksi la swichi, mara nyingi hukuti nutro; unakuta laivu inayoingia na laivu inayokwenda kwenye taa. Hapo ndipo fundi wa haraka anapochukua waya wa ethi, ule wa kinga unaokwenda ardhini, na kuufanya nutro. Taa inawaka vizuri, analipwa, anaondoka.

Mama mmoja wa Makorora alifanyiwa hivyo. Ana breka yenye kitufe cha kujaribu, ile inayokata umeme ukivujia kwenye ethi kufikia miliampia 30. Sensa ikiwa imetulia inavuta miliampia chache tu, breka haishtuki. Mtu akipita, taa ya wati 20 inawaka na kuvuta karibu miliampia 87, zote zinarudi kwa njia ya ethi, na nyumba nzima inakuwa giza. Paka akipita, giza. Kanunua breka mpya, hali ileile. Samaki wameharibika kwenye friji. Mwisho akashauriwa aiondoe kabisa hiyo breka, yaani kinga pekee aliyokuwa nayo, ili taa ipate amani! Tulipoitwa, kazi ilikuwa kuvuta waya wa nutro tu. Angeanza nao, asingelipa mara tatu.

Nyumba nyingi za zamani Ngamiani taa zake zina nyaya mbili tu, ethi haipo kabisa. Ukituletea taa ya bodi la chuma kwa nyumba kama hiyo, hatuifungi, hata ukikasirika. Waya ukichubuka ndani, bodi zima linakuwa na umeme na hakuna cha kuukata. Tafuta taa ya plastiki yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo imetengenezwa ifanye kazi bila ethi. Au tuvute ethi, na bei itabadilika.

Raskazone habari ni nyingine: chumvi. Upepo wa kusi unaisukuma mpaka ndani ya taa. Tumefungua taa ambazo waya ulikuwa mfupi, ukaungwa kwa kusokota na tepu, na shaba yote imegeuka kijani. Sisi tunaunga kwa konekta ndani ya boksi, skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, na silikoni tunapaka juu na pembeni tu. Chini tunaacha wazi. Wateja hudhani tumesahau, wengine wameziba wenyewe tulipoondoka. Maji yakiingia lazima yapate pa kutokea.

Kuhusu taa inayogoma kuzima baada ya umeme kukatika na kurudi: baadhi ya taa zimeundwa hivyo, ukizima na kuwasha haraka zinahesabu umetaka ziwake moja kwa moja. Zima swichi, subiri kama nusu dakika, washa, kisha ipe dakika moja itulie. Hilo halihitaji fundi, na tukija tutatoza nauli.

Tena, testa ya kalamu isikudanganye. Nutro ikikatika njiani, testa inaweza kuwaka kwenye nyaya zote mbili. Ndiyo maana tunakuja na mita, na ndiyo maana kuna ada ya ukaguzi, ambayo tunaikata kwenye ufundi ukitupa kazi.

Kabla hujanunua taa, tutumie picha ya swichi na ya taa ya zamani ilivyo ukutani, bila kuifungua, na utuambie ile swichi inawasha taa ngapi. Bei tutakutajia kabla ya kupanda ngazi.