Barua kwa mwanangu anayeondoka na jezi ya kampuni

Masasi, Jumapili usiku

Mwanangu Hamisi,

Mkataba wako nimeusoma mara tatu, na Zuhura amenisaidia vile vipengele vya Kiingereza. Mjomba wako anasema nisikutie hofu wiki ya safari. Lakini tangu ulipotuma picha ya jezi sijalala vizuri. Jina la kampuni liko kifuani, mgongoni, hadi mapajani, na lako ni dogo, pembeni. Ndivyo timu za baiskeli zilivyo. Barabarani hakuna kiingilio, na fedha za televisheni wanabaki nazo waandaaji wa mashindano. Timu inaishi kwa mdhamini na inaitwa kwa jina lake. Akijitoa, mara nyingi timu nayo imekwisha. Woga wangu uko hapo: mkataba unaisha Desemba, matokeo hayajaja, na mtu anaanza kuyatafuta kwenye sindano. Usimeze wala usichomwe kitu usichokijua.

Tazama waliotangulia. Julai 1998 mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji watu wa forodha walikamata gari la timu ya Festina, kampuni ya saa. Ndani mlikuwa na zaidi ya dozi 200 za EPO, sindano ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Aliyeliendesha hakuwa daktari. Alikuwa Willy Voet, mchua misuli. Mtu wa namna hiyo ndiye utakayemzoea kuliko wote: anakukanda miguu, anakujazia chupa, anakuuliza umelalaje. Chupa yako jaza mwenyewe kila unapoweza, na ikikaa mbali na macho yako, imwage.

Phonak, kampuni ya vifaa vya kusikia, timu yake ilivunjwa mwaka 2006 baada ya Floyd Landis kushinda Tour de France na kipimo cha testosteroni kumkamata. Deutsche Telekom, kampuni ya simu ya Ujerumani, walijitoa Novemba 2007 kwa sababu ya dawa hizohizo. Rabobank, benki ya Uholanzi, walikaa miaka 17, wakaondoka Oktoba 2012, siku chache baada ya ripoti ya dawa alizotumia Lance Armstrong, bingwa wa Tour de France. Benki bado ni benki. Armstrong alinyang'anywa mataji saba na kufungiwa maisha. Kampuni inabadilisha tangazo, mwendeshaji anabaki na kifungo. Kosa la kwanza la makusudi kwa dawa kama EPO ni miaka minne, na sampuli zinaweza kuhifadhiwa miaka kumi zikapimwa tena. Utakuwa na watoto wakati huo.

Ungetuonyesha mkataba kabla ya kusaini, tungeuliza mambo mawili. La kwanza, dhamana ya benki ipo, na inafunika mishahara ya miezi mingapi mdhamini akikimbia? La pili, mshahara ni kiasi gani, maana kima cha chini cha UCI, chama cha baiskeli duniani, hakizihusu timu za daraja lako. Kwa hiyo kilichoandikwa humo ndicho utakachopata. Uliza sasa, kwa barua pepe, upate jibu la maandishi. Una tabia ya kusema ndiyo ili mtu asikuone msumbufu. Huko utasumbua.

Sasa dawa, na hapa nisikilize kama unavyonisikiliza nikiwa kwenye duka la dawa. Kwa sheria zao kilichokutwa mwilini ni chako, hata kama amekupa mtu mwingine. Ile dawa ya mafua niliyokutumia kwa basi mwezi wa pili, nilipaswa kugeuza pakiti kwanza. Ina pseudoefedrini. Hiyo inakatazwa wakati wa mashindano ikizidi kiwango kwenye mkojo, na mashindano kwa hesabu yao yanaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Tramadol, ile ya maumivu, UCI waliizuia tangu Machi 2019, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, tangu Januari 2024. Prednisolone na deksamethazoni, za kumeza na za sindano, hazifai wakati wa mashindano, na mabaki yake hukaa mwilini siku kadhaa. Dawa ya presha ya bibi ina haidroklorothiazaidi. Hiyo ni marufuku siku zote, hata siku ya mapumziko, kwa sababu inakojoza na kuficha dawa nyingine. Lile begi ulilompeleka nalo bibi hospitali ya Ndanda likung'ute mpaka kwenye mishono.

Dripu hata moja usikubali. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kwenye matibabu ya kweli ya hospitali. Hii ya kwetu ya kutundikiwa chupa ya glukosi kila mtu akisikia uchovu, nimewazoesha mimi. Iache huku. Malaria ikikushika, mseto hauna tatizo. Pima, meza, mwambie daktari wa timu siku hiyohiyo, na tunza karatasi ya kipimo. Wapimaji wana pasipoti ya damu tangu 2008. Wanafuatilia hemoglobini na chembe changa nyekundu mwezi hadi mwezi, na malaria huzivuruga zote mbili. Bila karatasi, watakaosoma namba zako watakuwa na swali na wewe hutakuwa na jibu. Wakija kuchukua damu waambie muda uliomaliza mazoezi, maana inatakiwa muda upite kwanza, kisha ukae kitako dakika kumi.

Mkojo: chagua kisanduku mwenyewe, hakikisha namba za chupa A na B zinalingana na za kisanduku na za fomu. Wanahitaji angalau mililita 90. Usigide maji kupita kiasi, mkojo ukiwa mwepesi watakukalisha utoe tena hadi usiku. Orodhesha kila ulichomeza siku saba zilizopita, hata panadoli, na nakala yako usiiache mezani. Unga wa protini piga picha namba ya toleo, na bakiza kopo moja la toleo hilohilo bila kulifungua. Likija kuonekana lilichafuliwa kiwandani, hilo kopo ndilo litakalokusemea.

Wakikuweka kwenye orodha ya wanaotakiwa kusema walipo, utajaza saa moja ya kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa, kama vile umekutwa na dawa. Fomu inatumia saa za Kizungu. Saa 12 asubuhi unaandika 06:00. Ukiandika 12:00 watakuja adhuhuri na wewe uko barabarani. Ukirudi likizo, usiandike "Masasi, karibu na stendi". Nyumba yetu haina namba, kwa hiyo eleza njia: umbali toka lami, mwembe, geti la bluu, chumba cha uani. Kengele hatuna, na mimi nalala fofofo, kwa hiyo lala chumba cha mbele. Usitegemee kwamba watapiga simu kwanza.

Watu wa mtaani wanajua umepata timu. Hawajui ulivyopanda kule Newala na lile tairi lililoshonwa. Mimi najua, na ndiyo maana naandika yote haya: miguu hiyo haihitaji kitu cha kuongezewa. Mtu akikwambia "wote wanatumia", muulize jina la dawa, andika, uniletee. Nitaitafuta. Hata kama ni saa nane usiku, piga.

Huku mikorosho imeanza kutoa maua. Salfa tumepata mifuko michache kuliko tuliyoomba, kwa hiyo mjomba wako anapulizia shamba la Lulindi kwanza, alfajiri kabla upepo haujaamka. Zuhura ameanza mitihani. Bibi anakuuliza kama huko kuna ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nimemwambia hakuna.

Na zile bati za jikoni. Niliposema kwenye simu kwamba zinakungoja wewe, nilisema vibaya. Zitangoja mnada wa korosho. Usinitumie hela miezi miwili ya kwanza, na ukimaliza mbio wa mwisho nipigie vilevile, sitauliza umekuwa wa ngapi.

Ile pakiti ya mafua ukiipata kwenye begi, nipigie picha ya mgongo wake kabla hujaitupa. Nataka kuangalia zilizobaki hapa dukani.

Mama yako